Fundi wa Rili za Kuvulia wa Ngamiani, Tanga: Hodari kwa Rili, wa Wastani kwa Fimbo

Karakana ninayoizungumzia iko Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, na haina bango. Mwenyewe ni fundi baiskeli wa siku nyingi ambaye, kwa kuombwa na watu wanaovua kwa kujifurahisha na manahodha wa boti zinazopeleka wageni kuvua, alianza kufungua rili za kuvulia, yaani vile vifaa vya kuzungushia mshipi vinavyofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, na sasa kazi hiyo imekaribia kulingana na ile ya baiskeli. Simtaji jina kwa sababu hakunituma nimtangaze. Ukifika Ngamiani ukauliza fundi wa rili, watoto watakupeleka. Nimempelekea rili mbili na fimbo moja, na vile alivyovitengeneza vimekwisha kurudi baharini, kwa hiyo naweza kusema bila kusita kwamba kwa upande wa rili sijaona wa kumshinda mjini hapa. Kwa upande wa fimbo nina maneno kidogo.

Wavuvi walio wengi wa mwambao huu, kuanzia Sahare hadi Kigombe, hutumia nyavu, madema na mshipi wa mkono, na mshipi wa mkono hauna cha kuharibika zaidi ya ndoana kushika kutu. Rili ni jambo jingine. Ndani ya mwili wake mdogo mna alumini, chuma, shaba na plastiki, vyote vimebanana, na maji ya chumvi yakishapenya kati ya metali mbili zisizofanana, ile iliyo dhaifu huanza kuliwa. Ndiyo maana skrubu ya chuma iliyoingia kwenye mwili wa alumini hung'ang'ania humo hata ikakatika kichwa, na pembeni yake pakatoka unga mweupe ambao wengi hudhani ni chumvi, kumbe ni alumini yenyewe inayokwisha. Fundi asiyeijua bahari huikamia skrubu kama hiyo kwa bisibisi. Huyu hudondoshea mafuta ya kupenya, akaiacha hadi kesho yake, kisha akaipasha moto kichwani kwa chuma cha kulehemea redio ndipo akaijaribu, na kabla ya kuirudisha mahali pake huipaka grisi kwenye uzi wake ili mtu atakayefungua mwakani asipate taabu ileile.

Rili ya kwanza niliyompelekea ni ya ukubwa wa 6000 (kadiri namba inavyopanda ndivyo rili inavyokuwa kubwa), ya aina inayoning'inia chini ya fimbo, yenye mwili wa alumini, ambayo nimekuwa nikiivulia kolekole na nguru nje ya Mwambani. Ilikuwa na magonjwa mawili: ilikwaruza kila mkono ulipozungushwa, na breki yake ilitoa mshipi kwa mikupuo badala ya kuuachia kwa ulaini. Kabla ya kugusa bisibisi, mzee aliizungusha karibu na sikio, akaishika spuli, ile sehemu inayozungushiwa mshipi, kwa vidole viwili na kuitikisa, kisha akanyanyua ule waya wa juu unaoukamata mshipi na kukisukuma kwa ukucha kiroda kidogo kilicho kwenye ncha yake. Kiroda hakikuzunguka. "Mwanangu, rili haijafa," alisema, "ina njaa ya grisi tu. Lakini hiki kiroda kingeumaliza mshipi wako kabla ya mwezi kuandama." Maelezo yake yalikuwa sahihi, kwa kuwa kiroda kilichoganda huufanya mshipi usuguliwe mahali pamoja badala ya kuviringika, na mshipi wa kusukwa, ambao ni mwembamba na mkali, huchimba mfereji kwenye chuma na kuanza kujikata wenyewe humo.

Aliweka mezani trei ya mayai ya karatasi na kuanza kufungua. Kila kilichotoka kiliingia katika shimo lake kwa zamu, skrubu, springi, pini, visahani vyembamba vinavyowekwa kando ya gia, na wakati wa kufunga alirudi kinyumenyume, shimo kwa shimo, bila kubahatisha. Visahani hivyo ndivyo vinavyopima nafasi kati ya gia kubwa na ndogo. Kikihama kimoja kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto, meno huumana vibaya na rili hukwaruza zaidi kuliko ilivyokuwa. Nimeona rili nzuri iliyoharibiwa kwa njia hiyo na mtu aliyekuwa na nia njema na kisahani kimoja kilichobaki mkononi.

Grisi iliyokuwamo ilikuwa imebadilika rangi na kuganda katikati ya meno ya gia. Vipande vya chuma vilioshwa kwa mafuta ya taa na mswaki, vya plastiki kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, vyote vikaanikwa juu ya kitambaa. Beringi zilizozunguka vizuri zilitiwa tone la mafuta ya cherehani, na mbili zilizokwama zilitupwa, zikatafutiwa nyingine zenye vipimo vilevile. Hapo ndipo ubaiskeli wake unapomsaidia: beringi haijui kama imo ndani ya rili au ndani ya mashine nyingine, inapimwa kipenyo cha ndani, cha nje na unene wake, na mtu mwenye kalipa, kile kipimio cha vipenyo, na kopo la beringi za zamani hahitaji kuagiza ng'ambo. Gia zilipakwa grisi ya baharini, ile isiyooshwa na maji kwa urahisi, kwa kiasi cha kufunika meno tu. Kuijaza rili grisi hadi pomoni ni kosa ambalo mafundi wa pikipiki hulipenda, na matokeo yake ni rili nzito inayochosha mkono.

Breki ndiyo sehemu aliyoishughulikia kwa uangalifu mkubwa kuliko zote. Chini ya kile kifuniko kinachokazwa juu ya spuli mna washa zilizopangwa kwa zamu, moja ya chuma na moja ya kaboni. Katika rili za zamani na za bei nafuu, mahali pa kaboni hukaa kitambaa kigumu cha sufu. Washa hizo zikiachwa zimekazwa miezi na miezi rili ikiwa imetundikwa ukutani, zile za kitambaa hubonyea na kushikamana na chuma, na samaki wa kwanza mkubwa akivuta, mshipi hauachiwi hadi unakatika. Dawa za kunyunyizia za makopo, ambazo watu huzipuliza kila pembe ya rili kwa kudhani wanaitunza, huingia hapo zikailegeza breki au kuifanya ishike kwa mikupuo. Mzee anazikataza kabisa. Yeye alizisafisha washa, akazikausha, akapaka za kaboni utando mwembamba wa grisi maalumu ya breki, akazirudisha kwa mpangilio uleule.

Kisha alifanya jambo ambalo sijaliona kwa fundi mwingine. Aliifunga rili kwenye fimbo, akapitisha mshipi kwenye pete zote za fimbo, akafunga mwisho wake kwenye mizani ya kuning'iniza, ya aina wanayotumia wauza samaki wa soko la Deep Sea, akanipa fimbo niinyanyue huku yeye akivuta mizani polepole na kusoma. Kanuni anayoifuata ni ile ya kawaida ya wavuvi wa fimbo: breki iachie pale mzigo unapofikia robo hadi theluthi ya uzito unaoweza kuukata mshipi. Kwa mshipi wa kilo 15, basi, ni kati ya kilo 4 na 5 hivi. Mtu anayeona kiasi hicho ni kidogo asisahau fundo, ambalo mara nyingi ni dhaifu kuliko mshipi wenyewe, wala asisahau nguru. Samaki huyo anapokimbia na mita mia za mshipi, duara la mshipi uliobaki kwenye spuli hupungua, na kadiri linavyopungua ndivyo nguvu ya kuuvuta inavyopanda, ingawa hakuna mkono uliogusa breki. Anayekaza zaidi katikati ya mbio hizo hujikatia mshipi mwenyewe.

Rili ya pili aliikataa. Ilikuwa mojawapo ya zile zinazouzwa pamoja na fimbo katika mfuko mmoja wa plastiki, yenye maandishi makubwa ya kujisifu kwamba ina beringi 12. Alifungua kifuniko cha ubavuni, akanionyesha gia kubwa ya zinki ya kumimina ambayo meno yake yalikuwa yamelala upande mmoja, kisha akaubana mwili kwa kidole gumba nikaona ekseli ya gia ikihama mahali pake. Mwili wa plastiki laini ukipinda, gia hukutana kwa ncha za meno tu, na hata ungeweka gia mpya ingetafunwa vilevile. Idadi ya beringi haisemi chochote juu ya hilo. Rili yenye beringi tano nzuri ndani ya mwili mgumu huishi kuliko yenye kumi na mbili za kutu ndani ya mwili unaopinda. Alinirudishia bila kunitoza kitu, jambo ambalo kwa mafundi wa mjini si la kawaida hata kidogo.

Kutokana na kazi hizo mbili, ushauri wangu kwa anayetaka kununua ni kwamba aanze na swali la kama rili inafunguka na kama vipande vyake vinapatikana, kabla ya kuuliza inazunguka kwa ulaini kiasi gani dukani, kwa sababu dukani zote huzunguka kwa ulaini. Seti mpya mbili za rili na fimbo, zile za mfuko wa plastiki, zinakaribia bei ya rili moja iliyotumika yenye mwili wa chuma au alumini, na hiyo iliyotumika, ikipitia mikononi mwa mzee huyu, itavua miaka mingi baada ya seti zote mbili kwenda jalalani. Ukipewa rili iliyotumika uishike, zungusha mkono polepole huku umeubana mwili, ukisikiliza kama sauti inabadilika. Vuta mkono nje na ndani uone kama unacheza. Kaza breki robo tu, uvute mshipi kwa mkono, na uangalie kama ncha ya fimbo inatulia au inadundadunda. Mwishoni angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimetafunwa, kuna mtu amekwisha kuingia humo kabla yako.

Kwa majina, mzee ana upendeleo wake na haufichi. Rili za Penn zinazokaa juu ya fimbo, hasa Senator, ambayo kampuni hiyo ya Marekani iliitoa mwaka 1936, anazisifu kwa kuwa zina vipande vichache, vikubwa, na kila kipande kina namba yake katika mchoro ambao mtu anaweza kuupata kwenye intaneti akaagiza anachokosa tu. Ni nzito, na kutupa chambo nazo kutoka ufukweni ni kazi ya mwenye gumba lililofunzwa, lakini kwa kurambaza nyuma ya mashua hazina maneno mengi. Shimano anaipenda kwa sababu nyingine, na katika hili siwezi kumlaumu: kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1921 huko Sakai, Japani, kwa kutengeneza frihwili za baiskeli, na haikuingia katika vifaa vya kuvulia hadi mwaka 1970, kwa hiyo mzee alikuwa ameshazoea chuma chake miaka mingi kabla ya kuona rili yake ya kwanza. Kwa anayevua changu na kolekole wadogo kutoka ufukweni, ukubwa wa 4000 unatosha. Wa kutafuta nguru na kolekole wakubwa aende 6000 au 8000.

Fimbo sasa. Niliyompelekea ni ya kaboni, ya vipande viwili, yenye futi 9, na matatizo yake yalikuwa pete ya ncha iliyolegea na pete moja ya katikati iliyokuwa ikiukwaruza mshipi bila ufa kuonekana kwa macho. Ufa aliupata kwa pamba. Alikiviringia kijiti kidogo pamba, akakizungusha ndani ya kila pete, na kwenye pete ya nne nyuzi za pamba zilinaswa na kubaki zikining'inia. Pete nyingi za kisasa zina duara la ndani la kauri, na kauri ikigongwa ukingoni mwa boti hupasuka kwa ufa mwembamba kuliko unywele; mshipi wa kusukwa ukipita hapo chini ya mzigo wa samaki, huchanika kidogo kidogo, na mwenyewe humlaumu aliyeuza mshipi.

Pete ya ncha aliirudisha kwa ustadi. Aliipasha moto kwa mbali, gundi ya zamani ikalainika, akaichomoa bila kuipindapinda, akaweka nyingine yenye kipenyo kilekile kwa gundi ya kuyeyushwa, ambayo itaweza kulainishwa tena siku ikihitajika kubadilishwa. Anayetumia gundi ya haraka mahali hapo hujitafutia taabu, kwa sababu kuitoa baadaye humaanisha mara nyingi kukata ncha yenyewe. Pete ya katikati ndiyo iliyonisikitisha. Kufunga pete kunataka uzi wa nailoni uviringwe ukiwa umekazwa sawasawa, mzunguko mmoja ukigusa mwenziwe, kisha upakwe epoksi, ile gundi inayoganda ngumu, huku fimbo ikigeuzwa taratibu kwa saa kadhaa ili epoksi isikusanyike upande wa chini. Mzee hana kifaa cha kuigeuzia. Aliigeuza kwa mkono, akaitwa na mteja wa baiskeli, na epoksi ikaganda na tumbo. Zaidi ya hayo, ukiifunga rili na kuangalia kutoka kwenye mpini kuelekea ncha, pete hiyo imekwenda upande kidogo kuliko zenzake. Fimbo inavua, haijakata mshipi, lakini kila ninapoitazama kwa mstari jicho langu hurudi palepale. Kwa fimbo iliyovunjika katikati afadhali umwambie mapema kwamba unataka ushauri tu, kwani kuunga kaboni kunahitaji kipande cha ndani chenye mnepo unaolingana, na hicho hana.

Nilipomuuliza kama ningefanya vyema kununua fimbo ya faiba (nyuzi za kioo) badala ya kaboni, alijibu kwa jinsi ninavyosafiri badala ya jinsi ninavyovua. Kaboni ni nyepesi na hupeleka mguso wa samaki hadi mkononi, lakini haistahimili kugongwa. Fimbo inayorushwa sakafuni mwa mashua pamoja na chubwi na nanga hupata jeraha lisiloonekana, na huvunjika siku nyingine kabisa, mahali palepale, samaki akiwa mdogo tu. Faiba ni nzito na imelegea zaidi, ila husamehe. Kwa hiyo anayevua akiwa amesimama ufukweni Raskazone, fimbo ikiwa mkononi muda wote, achukue kaboni. Wa kwenye mashua ya watu wengi achukue faiba. Ningeongeza kwamba kaboni hupitisha umeme, na katika masika yetu yenye radi anayeendelea kuisimamisha juu ya maji wingu likiwa limefunga anacheza na roho yake. Tena fimbo ya aina yoyote haikuumbwa kumnyanyua samaki kutoka majini hadi ndani ya boti: ikisimamishwa hadi ncha ikarudi nyuma, mzigo wote huhamia sehemu nyembamba ya juu, na ndipo inapokatika. Kwa kazi hiyo kuna wavu wa mkono na kuna kulabu.

Kila mteja hupewa maagizo ya nyumbani kwa mdomo, na mazuri zaidi ni haya ya kuosha. Ukitoka baharini kaza breki kwanza, ili maji yasiingie kati ya washa, kisha osha rili na fimbo kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, yanayotiririka polepole kama ya kopo. Maji ya bomba lenye kasi huisukuma chumvi ndani ya beringi, na kuichovya rili ndani ya ndoo ni vilevile. Futa, acha ikauke kivulini, kisha legeza breki kabisa kabla ya kuiweka. Vipande vya fimbo vitenganishwe, visiachwe vimeunganishwa wiki nzima vikashikana kwa chumvi; kusugua nta kidogo ya mshumaa kwenye kiungio husaidia. Mshipi wa nailoni usikae juani, kwa kuwa jua huudhoofisha bila kuubadilisha sura, na mshipi wa kusukwa utanguliwe na mizunguko michache ya nailoni kwenye spuli, la sivyo wote huteleza kwa pamoja na mwenye rili hudhani breki imekufa.

Bei zake ni za kibinadamu. Kufungua, kuosha na kutia grisi rili moja nilitozwa Sh 15,000, beringi zikihesabiwa pembeni, na pete ya ncha Sh 5,000 pamoja na kuifunga. Risiti hakuna, na hilo litawasumbua wenye boti za biashara wanaohitaji karatasi kwa ajili ya hesabu zao. Muda ndio kasoro kubwa kuliko ile ya epoksi: akikwambia Jumanne, fahamu kwamba ni Jumanne umeme usipokatika, grisi isipokwisha na baiskeli za wanafunzi zisipofuatana mlangoni. Usimpelekee rili siku mbili kabla ya maji ya bamvua ukitarajia kutoka nayo. Wakati mzuri ni kusi inapovuma kwa nguvu, kati ya Juni na Agosti, fimbo nyingi zikiwa zimelala ndani na yeye akiwa na nafasi ya kuifungua rili taratibu. Ijumaa hufunga kabla ya adhuhuri na kurudi alasiri. Siku nyingine yupo hadi magharibi. Rili ipelekwe bila mshipi, au kwa mshipi usioujali, maana kitu cha kwanza anachofanya ni kuukata.